Maji ya Ofisini: Ubaki na Chupa Kubwa au Uunganishe Bomba?

Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya nne, Kijitonyama, katika jengo ambalo lifti yake ilifanya kazi siku ikijisikia. Kila Jumatatu na Alhamisi kirikuu ya maji ilisimama pale chini, vijana wawili wakapandisha chupa begani, moja moja, jasho likiwatoka. Chupa ya lita 18.9 ikijaa ni karibu kilo 20. Siku ambayo vijana walikuwa na haraka, chupa ziliachwa kwa mlinzi, na kuanzia hapo mzigo ulikuwa wa yule atakayezidiwa na kiu kwanza. Mara nyingi alikuwa mhasibu wetu, mama wa miaka hamsini na ushee.

Siku moja aligoma. Aliiacha chupa kwenye ngazi za ghorofa ya pili, akaja juu mikono mitupu, akaniambia, "Mdogo wangu, hapo jikoni kuna bomba. Sisi tunapandisha maji ya nini?"

Mambo ya utawala yalikuwa yangu, kwa hiyo na swali likawa langu. Tangu hapo nimeendesha mashine za chupa na mashine za bomba katika ofisi mbili za Dar es Salaam, nimelipia zote mbili, na zote mbili zimewahi kuniaibisha. Haya naandika kwa yule aliyeambiwa alete mapendekezo mezani kabla ya Ijumaa.

Tuelewane majina kwanza. Mashine ya chupa ni ile dispensa ya kawaida, chupa inapachikwa kichwa chini juu yake, au inafichwa tumboni kwa zile zenye pampu. Mashine ya bomba kwa sura ni hiyohiyo, ina koki ya baridi na ya moto, ila nyuma imeungwa mpira mwembamba kutoka kwenye bomba la jengo, na maji yanapita kwenye filta kabla hayajafika kwenye glasi yako. Sheria ya Tanzania ya usalama na afya mahali pa kazi, ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri awawekee wafanyakazi maji safi na salama ya kunywa. Yatoke kwenye chupa au kwenye bomba, hilo umeachiwa mwenyewe.

Hesabu

Naanza hapa kwa sababu bosi ataanza hapa. Chukua ofisi ya watu 30. Mtu akinywa lita moja na nusu kwa siku, chai ikiwemo, ni lita 45. Kwa siku 22 za kazi ni lita 990, sawa na chupa 52 na kidogo kila mwezi. Tuseme chupa mnaletewa kwa shilingi 5,000. Weka bei yenu hapo, maana wauzaji wanatofautiana sana. Ni 260,000 kwa mwezi, milioni 3.12 kwa mwaka.

Upande wa pili, tuseme mashine ya bomba yenye filta za maana mmeuziwa milioni 2.5, na fundi pamoja na vifaa vya kuunganishia amekula 400,000. Filta na fundi wa kuzibadilisha, tuseme 500,000 kwa mwaka. Maji yenyewe ni pesa ndogo. Uniti moja ni lita 1,000, na hata kama mashine inamwaga lita tatu kwa kila lita moja inayoisafisha (nitaeleza kwa nini), mtatumia uniti nne kwa mwezi. Zihesabu kwa 3,000 kila moja: 12,000. Jumla ya kuendesha mwaka mzima ni 644,000. Kila mwaka mnabaki na karibu milioni mbili na nusu mkononi, na ile milioni 2.9 ya mwanzo inarudi baada ya miezi 14 hivi.

Bosi akifika hapo atatafuta kalamu asaini. Mwambie asubiri.

Hesabu hiyohiyo iweke kwenye ofisi ya watu sita. Wao wanamaliza chupa kumi na nusu kwa mwezi, kama 629,000 kwa mwaka. Filta zao hazipungui bei kwa sababu wako wachache, maana filta inachoka kwa lita na inachoka kwa miezi pia. Ile ya kaboni ikikaa mwaka mzima imelowa, hata kama imepitisha maji kidogo, inafaa kutolewa. Kwa hiyo 500,000 iko palepale, na kinachookolewa ni laki moja kwa mwaka. Milioni 2.9 itarudi baada ya miaka 29. Hiyo mashine itakuwa imeshauzwa chuma chakavu mara mbili.

Mpaka uko wapi? Ukigawa bei ya mashine na uunganishaji kwa miaka mitano, ukajumlisha filta, unapata 1,080,000 kwa mwaka. Kwa bei nilizoweka, inabidi muwe mnatumia chupa 19 kwa mwezi ndipo bomba lianze kulipa. Hao ni kama watu 11. Bei ya chupa ikiwa 3,500 mpaka unapanda, ikiwa 7,000 unashuka, lakini sura ya jambo ni hiyo: mashine ya bomba ina gharama isiyojali mko wangapi, na chupa ina gharama inayowafuata kichwa kwa kichwa.

Umeme nimeuacha nje makusudi. Kinachokula LUKU ni kupoza na kuchemsha, na hayo yapo kwenye mashine zote mbili. Wengine huweka na gharama ya nafasi: chupa 12 kwa wiki pamoja na tupu zake zinahitaji mahali pa kukaa, na katika majengo mengi mahali hapo ni chini ya ngazi, au kwenye chumba cha sava ambako hazitakiwi hata kidogo.

Bomba ni lipi hasa?

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na mimi nilikuwa mmoja wao. Tunaposema "maji ya bomba" tunawaza mtambo wa Ruvu Chini au Ruvu Juu, maji yaliyochujwa na kutiwa klorini, yanasafiri ndani ya bomba la DAWASA mpaka mjini. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni kwamba klorini iliyobaki isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale mtumiaji anapofungua koki. Yakiwa na hiyo, maji yanajilinda yenyewe njiani.

Lakini koki ya jikoni ghorofa ya nne haijawahi kukutana na bomba la DAWASA. Maji yanaingia kwanza kwenye tenki la chini, pampu inayasukuma hadi simtanki la darini, kisha yanateremka. Kwenye simtanki yanaweza kulala siku tatu juani, klorini ikaruka, na kuanzia hapo usafi wa maji yako ni usafi wa tenki la mwenye jengo.

Nilipanda kuliangalia. Mfuniko ulikuwa umepeperushwa na kusi, sijui mwaka gani, na mtu mwenye busara zake alikuwa ameziba kwa kipande cha bati na kukikandamiza na tofali mbili. Nilisogeza bati, nikamulika kwa tochi ya simu. Maji ya juu yalikuwa mazuri, meupe kabisa. Chini kulikuwa na tope laini la rangi ya chai ya maziwa, na nilipochovya ufito ukazama unene wa kidole gumba kabla ya kugusa plastiki. Likapanda lote juu kama moshi. Msimamizi wa jengo aliniambia tenki lilisafishwa juzijuzi. Wapangaji wa ghorofa ya tatu, waliokaa pale miaka miwili, hawakuwahi kuona mtu akipanda darini na ndoo.

Kuna jambo la pili, nalo halionekani kwa macho. Majengo mengi ya Dar yana kisima pia, na DAWASA ikiwa haitoki kisima kinafunguliwa kwenye tenki lilelile. Visima vya maeneo ya pwani vingi vina chumvi. Nilinunua kikalamu cha kupimia TDS, yaani kiasi cha chumvi na madini yaliyoyeyuka, nikawa nachovya kwenye glasi kila asubuhi kabla ya chai. Siku nne mfululizo namba ilicheza kwenye 150. Siku ya tano ikaruka hadi 1,800 na zaidi. Hakuna aliyetuambia kitu, ila nusu ya ofisi ilikuwa imeshalalamika kwamba chai haina ladha. Maji yakipita miligramu 1,000 kwa lita, watu huanza kuyakataa kwa ladha tu, na sisi tulikuwa tumevuka.

Kwa hiyo kabla ya kuomba bei ya mashine yoyote, fanya mambo matatu. Panda darini. Muulize msimamizi kwa maandishi kama kuna kisima kinachoingia kwenye tenki. Kisha peleka sampuli ya maji ya koki yenu, iliyochukuliwa kwenye chupa mtakayopewa na maabara, ikapimwe vijidudu. Kinachotafutwa ni E. koli, kijidudu cha kinyesi, na jibu linalokubalika ni sifuri ndani ya mililita 100. Kikalamu cha TDS hakikwambii lolote kuhusu vijidudu. Maji ya mfereji yaliyochafuka kwa choo yanaweza kusoma 90 na yakamlaza mtu. Jiji hili linajua kipindupindu. Kile cha 2015 kilianzia Kinondoni.

Ofisi ikiwa Arusha, au sehemu yoyote kuzunguka Meru na Kilimanjaro, ongeza kipimo cha floraidi. Kiwango ni miligramu 1.5 kwa lita na kuna visima huko vinavyokipita mbali. Floraidi haionekani, hainuki, haiondoki kwa kuchemsha wala kwa filta ya kaboni ya kawaida. Huko uchaguzi wa filta ndio uchaguzi wenyewe.

Chupa nayo ina uchafu wake

Baada ya kuona lile tope, ni rahisi kurudi kwenye chupa ukipiga magoti. Usiharakishe.

Maji yaliyofungwa kiwandani chini ya kiwango cha Afrika Mashariki, EAS 153, na yenye alama ya TBS, kwa kawaida hayana tatizo siku yanapotoka. Kinachofuata ndicho cha kutazama. Chupa inakaa kwenye bohari, kwenye kirikuu juani, kwa mlinzi, kwenye korido. Ile plastiki haizuii mwanga wote. Ukiiacha dirishani wiki kadhaa utaona rangi ya kijani ikijichora kwenye mabega yake. Halafu inafika saa ya kubadilisha. Mtu anang'oa kizibo kwa mkono uliotoka kushika noti na kitasa cha choo, anaikumbatia chupa, shingo inagusa shati lake, anaigeuza, gulu gulu gulu, na kile kilichokuwa kwenye shingo kinaingia kwenye hodhi ya mashine. Kila glasi inayomiminwa, hewa ya ofisi inaingia kujaza nafasi.

Na hodhi yenyewe? Fanya hivi leo kama mna mashine ya chupa. Chomoa umeme, toa chupa, nyanyua ile koni ya plastiki ambayo shingo hukaa, pitisha kidole kwenye ukuta wa ndani. Ikiwa kinateleza kama umegusa bamia, hapo kuna utando wa vijidudu, na umekuwepo muda mrefu. Mashine yetu ya kwanza ilikuwa na miaka mitatu na haikuwahi kuoshwa, kwa sababu kila mtu aliamini kinachosafishwa ni chupa na chupa husafishwa kiwandani. Inatakiwa ioshwe kwa maji ya klorini, isuuzwe vizuri, kila baada ya miezi mitatu hivi. Ni kazi ya nusu saa. Dada wa usafi anaweza kuifanya akionyeshwa mara moja, na akilipwa kwa hiyo.

Halafu kuna wajanja. Chupa yenye jina la kampuni kubwa inaweza kujazwa uani kwa mtu kwa maji asiyoyajua hata yeye. Kagua lakiri ya kizibo iwe haijaguswa, tarehe na namba ya toleo ziwepo na zifanane katika mzigo mmoja, na risiti itoke kwa mtu unayeweza kumpata kesho. Muuzaji anayeuza nusu bei ya wenzake na hatoi risiti ya EFD, mshukuru, mwache apite.

Nikiulizwa kipi ni kichafu zaidi, jibu langu ni hili: mashine ya chupa inachafukia shingoni na kwenye hodhi, mashine ya bomba inachafukia darini na kwenye filta iliyopitwa na wakati. Zote mbili zinachafukia mahali ambapo mnywaji haangalii. Tofauti ni kwamba hodhi iko mbele yako na ni yako, na tenki liko darini na ni la mtu mwingine. Kama mwenye jengo hakubali liguswe wala lioshwe, mashine ya bomba utakayonunua itakuwa inafanya kazi ya kumfichia aibu yake, na filta zitakuwa zinakufa kabla ya siku zake.

Filta ipi kwa maji yapi

Mpangilio wa kawaida ni filta ya kuzuia mchanga na tope, kisha kaboni inayoondoa klorini, harufu na ladha mbaya, kisha hatua ya mwisho, na hapo ndipo bei zinapotengana.

Hatua ya mwisho ikiwa ni ule utando mwembamba wa RO, unaondoa karibu kila kitu, chumvi na floraidi zikiwemo. Gharama yake ni maji: kwa kila lita safi, lita mbili hadi nne zinakwenda kwenye sinki zikiwa na chumvi iliyokataliwa. Unahitaji pia msukumo, kama bari tatu ili ufanye kazi vizuri. Sasa piga hesabu ya jengo lako. Kila mita kumi za kimo zinatoa bari moja. Ikiwa simtanki liko mita saba juu ya koki yako, una bari 0.7, na utando utakuwa unadondosha machozi. Lazima mashine iwe na pampu yake. Nimemwona muuzaji akifunga mashine bila pampu, akaondoka, na wateja wake wakasubiri glasi moja dakika nne.

Hatua ya mwisho ikiwa ni utando wa matundu makubwa kidogo, ule wa UF, vijidudu vinanaswa lakini chumvi inapita. Haumwagi maji na unaridhika na msukumo mdogo. Kwa jengo linalopokea maji ya DAWASA peke yake, bila kisima, huo unatosha, na wauzaji hawaupendi sana kwa sababu ni wa bei nafuu. Taa ya UV nayo inaua vijidudu ila haiondoi kitu chochote, na inafanya kazi kwenye maji maangavu tu. Ikitanguliwa na filta mbovu, vijidudu vinapita vikiwa vimejificha nyuma ya tope.

Jambo moja ambalo halimo kwenye vipeperushi: kaboni ikishaondoa klorini, maji yaliyo mbele yake hayana mlinzi. Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi yamekaa kwenye mipira na hodhi ya mashine, yamepoa, yametulia. Ndiyo maana Jumatatu tunamwaga lita tatu za kwanza kwenye ndoo ya kupigia deki kabla mtu hajanywa.

Na uliza kama filta ni zile za kawaida za inchi 10, ambazo unaweza kuzipata Kariakoo kwa mtu zaidi ya mmoja, au ni za umbo la pekee zinazouzwa na huyohuyo aliyekuuzia mashine. Ukijifunga kwa muuzaji mmoja, bei ya filta ya mwaka wa pili ataipanga yeye.

Yule jamaa wa vyuma viwili

Atakuja ofisini kwenu amevaa vizuri. Atachota glasi ya maji yenu ya sasa na glasi ya maji ya mashine yake, atatumbukiza kifaa chenye vyuma viwili, atachomeka umeme. Baada ya dakika, maji yenu yatakuwa na rangi ya kutu, yenye povu na mabaki yanayoelea, na ya kwake yatabaki meupe. Watu wataziba midomo.

Rangi ile ni chuma chenyewe kinachooza kwa umeme. Maji yenye madini ya kawaida yanapitisha umeme, kwa hiyo chuma kinamomonyoka; maji ya RO hayana madini, umeme haupiti, basi hakuna kinachotokea. Mwombe aongeze chembe ya chumvi ya mezani kwenye glasi yake halafu arudie. Nilimwomba mmoja afanye hivyo. Alikumbuka ana miadi Mbezi.

Siku mbaya

Umeme ukikatika, mashine ya chupa inayopachikwa juu inaendelea kutoa maji ya uvuguvugu bila tatizo, maana yanashuka kwa uzito wake. Mashine ya bomba yenye pampu inasimama, na ikiwa koki zake ni za kubonyeza kwa umeme, hata yaliyomo ndani huyapati. Ofisi yenye jenereta haitaona tofauti.

Maji yakikatika ni habari nyingine. Oktoba 2022 kina cha Ruvu kiliposhuka na jiji likaingia kwenye mgao, ofisi za mashine za bomba ziliishi kwa kadiri ya tenki la darini, na tenki lilipofika chini ndipo lile tope lilipoanza kuvutwa. Filta zetu za tope zilijaa ndani ya wiki moja. Wa chupa nao walihangaika, kwa sababu kila aliyekosa bomba alikimbilia kwao. Tangu hapo sijawahi kuunganisha bomba bila kubakiza chupa tatu au nne za akiba, zikizungushwa kila mwezi zisizeeke, pamoja na pampu ya mkono ya kupachika shingoni.

Halafu kuna balaa ambalo chupa haiwezi kukuletea hata ikijitahidi. Ule mpira mwembamba wa nyuma ya mashine una msukumo saa zote, na fundi wetu alikuwa ameubana kwa kiungio cha plastiki cha bei ya soda. Kiliachia Jumamosi. Jumatatu nilipofungua mlango, zulia lilitoa sauti chini ya kiatu, na ghorofa ya tatu walikuwa wameweka ndoo mbili chini ya dari yao. Bili ya maji ilikuwa jambo dogo. Dari ya watu ndiyo iliyotugharimu. Sasa naomba koki ya kufungia iwe mahali pa wazi, si nyuma ya kabati, na mlinzi anaifunga Ijumaa saa kumi na mbili kama anavyofunga mlango. Kuna pia vali ndogo zinazojifunga zikihisi maji sakafuni. Nunua hiyo kabla ya kununua mashine yenye skrini ya rangi.

Kununua au kukodi

Hapa sina mengi. Kukodi mashine ya bomba kuna faida moja kubwa: filta ni jukumu la mwenye mashine, na akichelewa una mkataba wa kumshikia. Hakikisha tu tarehe za kubadilisha zimeandikwa, si "inapohitajika", na kwamba filta iliyotolewa mnaonyeshwa. Ukinunua, andika jina la mtu ofisini, si cheo, kwamba huyu ndiye anayehusika na filta, na umwekee tarehe kwenye kalenda. Mashine niliyoirithi katika ofisi ya pili ilikuwa na stika nzuri ubavuni ya kuandikia tarehe za huduma. Ilikuwa na tarehe moja.

Ningechagua vipi

Mkiwa chini ya watu kumi, kaeni na chupa, osheni hodhi, mwongezeeni kijana wa maji chochote apandishe mpaka juu. Mkiwa kumi na tano na kuendelea, jengo ni lenu au mwenye nalo anasikia, tenki lina mfuniko na maabara imesema sifuri, unganisheni bomba mwezi huu. Mkiwa wengi lakini tenki ni la kutilia shaka, pigania tenki kwanza. Wapangaji watatu wakiandika barua moja, mwenye jengo huwa anapata muda. Na kama mkataba wenu wa pango unaisha ndani ya mwaka, msitoboe ukuta wa mtu.

Wapo wanaobadilisha kwa ajili ya mazingira. Sawa, ingawa chupa hizi kubwa hurudi kiwandani na kujazwa tena mara nyingi. Taka halisi ya ofisi nyingi ni vile vikombe vya plastiki vya pembeni ya mashine. Tulivitoa, kila mtu akaletewa kikombe chake cha udongo, na hilo halikuhitaji fundi.

Kule Kijitonyama tulimaliza kwa mashine ya RO ya kukodi, baada ya miezi miwili ya barua za tenki. Mama mhasibu alikuwa wa kwanza kumimina. Alionja, akasema maji hayana ladha yoyote, kama ya mvua, na kuanzia siku hiyo akawa anatia kipande cha ndimu. Ukiacha zile za akiba, chupa imebaki moja tu, kwenye kibanda cha mlinzi getini. Kule hakuna bomba, na chupa ile inaishia palepale inaposhushwa.